Maestro na Saa ya Kinshasa

Kila ukurasa wa daftari langu la kwaya unaanza na mstari mmoja ambao hauimbwi: "Nimenakili kwa fulani." Maestro, kiongozi wetu, ndiye aliyetulazimisha kuuandika. Nyimbo zetu hazikuwa na vitabu. Zilipita mkono kwa mkono, kwa kalamu na rula, na aliyekosea noti moja aliwakosesha wote waliokuja nyuma yake. Kwa hiyo kabla hujachora mistari mitano ya muziki ulitakiwa kuandika umeutoa wapi. Ukileta wimbo mpya bila mstari huo, Maestro alikurudishia karatasi bila kuitazama.

"Imetoka kwa nani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, na halikuhusu nyimbo tu. Aliuliza hivyo kuhusu mandazi, kuhusu dawa za mizizi, kuhusu habari kwamba daraja la Ruzizi litafungwa kesho. Watu walikuja mbio na habari, wamejaa jasho, naye aliwauliza polepole imetoka kwa nani, na huyo aliisikia kwa nani, mpaka mwenye habari akachoka na kuondoka. Nilimpenda kwa swali hilo. Nilipoingia chuo kikuu nilikwenda nalo na kuliuliza kila mahali, hata pale lilipowaudhi walimu. Sasa nina shaka kama nililielewa vizuri, na zaidi nina shaka kama niliwahi kujiuliza mimi mwenyewe.

Tulimwita Maestro kama wanakwaya wote wa Bukavu wanavyowaita viongozi wao. Yeye hakumwita mtu kwa jina. Alituita kwa sauti na mstari: Soprano ya Mbele, Tenori ya Kwanza, Bass ya Mulango. Mimi nilikuwa Alto ya Pili tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitano, na mpaka leo akikutana nami sokoni Kadutu, katikati ya sombe na samaki wa kukauka, anapaza sauti, "Alto ya Pili!" na wauzaji wananitazama kama mtu mwenye cheo cha kijeshi.

Sauti yake ilikuwa kubwa kila mahali. Tulidhani ni ya ukali. Alinyoa kila Ijumaa, kila Jumatatu alikwenda kwa miguu mpaka shamba lake la maharage huko Nyantende, na hakula kitu chochote chenye sukari, isipokuwa biskuti alizoficha ndani ya mfuko wa koti na kuzila akiwa amegeukia ukuta. Alikataza simu wakati wa mazoezi. Simu ikilia, mwenye simu alitoka nje na kukaa huko mpaka mwisho. Lakini kuna siku simu ililia mara tatu ndani ya begi la Soprano ya Mbele, sisi wote tukiwa tumekaza shingo tukingoja hukumu, na Maestro akaendelea kupiga mkono hewani bila kugeuka. Tulisema siku hiyo alikuwa na huruma. Tulisema mengi juu yake, na mengi tuliyasema kwa ujasiri kuliko tulivyopaswa.

Alikuwa na diapazo, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa noti ya la. Viongozi wengine hukigonga gotini na kukiweka karibu na sikio. Maestro alikigonga gotini, kisha akauma mpini wake kwa meno ya mbele, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, midomo wazi, kama mtu anayengoja mganga wa meno. Halafu alikitoa na kuimba la, sawasawa kabisa, na kila sauti ilichukua noti yake hapo. Wageni walishangaa. Sisi tulijivuna. Tenori ya Kwanza alituambia kwamba ni ufundi wa zamani wa seminari ya Katana, na hakuna aliyemuuliza imetoka kwa nani.

Na kulikuwa na neno "tena." Tuliimba wimbo mpaka mwisho, tukanyamaza, tukamtazama. Alitutazama pia, usoni, mmoja mmoja, shingo moja moja, kisha akasema, "Tena." Tukaimba. "Tena." Hakusema kosa liko wapi.

"Maestro, tulikosea wapi?" Tenori ya Kwanza aliuliza siku moja.

"Munajua."

"Hatujue, Maestro."

"Basi muimbe mpaka mutajua. Tena."

Nje, baada ya mazoezi, tuligombana. Tenori ya Kwanza alinigeukia. "Ni weye, Alto ya Pili. Unaimba kama mutu anaita muuzaji wa makala."

"Na weye unaimba kama makala yenyewe," nilijibu, maana kwetu makala ni makaa.

Lakini nilikuwa na kinga. Mwaka ule wa kwanza, baada ya kunisikiliza peke yangu kwa wimbo mmoja, Maestro alikuwa ameniambia maneno ambayo sikumwonyesha mtu: "Sauti yako iko na miguu. Inasimama." Nilikuwa mtoto mwembamba niliyedharauliwa shuleni kwa sababu ya maswali mengi. Maneno hayo niliyachukua, nikakaa juu yake miaka kumi na moja. Nilipofeli mwaka wa pili chuoni, nilipokosa kazi, nilipogombana na kila mtu nyumbani, nilikuwa na kitu kimoja ambacho sikukitilia shaka. Sauti yangu inasimama. Nilikuwa nimeambiwa na mtu aliyejua kusikiliza.

Mwaka huu parokia ilipata padri mpya. Ni kijana, mpole, anatazama kila kitu. Jumapili moja akiwa altareni alimwita Maestro kwa jina lake la ubatizo, mara mbili, na kwaya nzima ilisikia isipokuwa aliyeitwa. Wiki ile padri alimfuata na kumwambia kwa adabu sana kwamba sikukuu ya parokia inakaribia, askofu atakuja, na kama masikio yamechoka hakuna aibu kumwachia mwingine kwaya. Angeangalia siku ya sikukuu, kisha angeamua. Hayo niliyajua baadaye. Nilichojua kwanza ni kwamba Maestro alinisimamisha mlangoni baada ya mazoezi na kuniambia kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "Alto ya Pili, weye ulisomaka enformatiki."

Nilisoma enformatiki, yaani kompyuta, ya usimamizi wa biashara, ambayo ni kitu kingine kabisa, lakini hapa kwetu ukisoma enformatiki utatengeneza televisheni, redio, na mafriji ya majirani.

"Ndiyo, Maestro."

"Kuna rafiki yangu mumoja, alipata kitu. Kuja ku nyumba Samedi."

Nyumba yake iko juu ya mteremko wa Kadutu, pale ambapo njia inakuwa ngazi za udongo. Anaishi na dada yake mkubwa, ambaye sisi wote tunamwita Maman Mukubwa. Siku ile ya Jumamosi, ambayo kesho yake ilikuwa sikukuu, nilimkuta mama huyo mlangoni akipiga kofi mabati ya ukuta.

"Nagonga tangu asubuhi! Nilienda chota mayi, akafunga na funguo. Mukono inauma."

Alipofungua hatimaye, Maestro alitutazama kama kwamba tumechelewa. Juu ya meza alikuwa ameweka sanduku lenye vitu viwili: simu mpya, na kijiboksi cheupe chenye vipande viwili vidogo vya rangi ya mchanga, vyenye umbo la punje kubwa za maharage. Vilikuwa vifaa vya masikio. Mwanawe anayefanya biashara China alikuwa amemtuma mtu navyo.

"Ni ya ule rafiki," alisema Maestro.

"Rafiki gani?" Maman Mukubwa alisema kutoka jikoni. "Ule rafiki anaelalaka mu chumba yako?"

Maestro hakugeuka. Nilimtazama, nikaelewa yote mara moja, au nilidhani nimeelewa: simu ndani ya begi, diapazo katika meno, sauti kubwa, "tena." Chuma kikiumwa na meno husikika kupitia mifupa ya kichwa, hata masikio yakiwa yamekufa. Hilo nililijua kutoka darasa la fizikia. Miaka yote sikuwa nimelihusisha na mtu ninayemjua.

Vifaa vile havikufanya kazi peke yake. Karatasi ndani ya kijiboksi ilisema lazima uweke programu kwenye simu, programu ikupime masikio, kisha ivipange vifaa kwa kipimo chako. Bila hivyo vilipiga mluzi tu. Na programu ilipatikana katika lile duka la programu ambalo sisi wote tunalitumia. Nikawasha simu nzuri ya mwanawe, nikatafuta duka. Halikuwamo. Simu ilitengenezwa kwa soko la huko huko. Ilikuwa na duka lake lenyewe, limejaa maandishi ya Kichina, na humo programu ya masikio haikuwamo.

"Kuna njia," nilisema. Nilimwandikia pia kwenye karatasi ili aelewe. "Tutaingiza duka kwa nguvu. Simu hailikubali, lakini inawezekana."

"Haikubali, lakini inawezekana," alisoma kwa sauti. Ilimfurahisha.

Nilishuka mpaka Nyawera kwa fundi mmoja wa simu ninayemjua, ili nisimalize mega zangu za intaneti. Alinitumia mafaili manne kutoka simu yake kwenda yangu, na kunieleza kwamba ni lazima niyaingize kwa utaratibu, moja baada ya jingine, nikigeuza utaratibu duka litafunguka na kujifunga. Niliporudi Maestro alikuwa ameweka daftari lake mbele yake, kalamu mkononi.

"Imetoka kwa nani?"

"Kwa fundi wa Nyawera."

"Na yeye?"

"Kwa fundi mwingine."

"Na ule?"

"Sijue, Maestro. Hakuna mutu anaejua."

Aliandika. Niliona mstari wake baadaye, nimeupiga picha: "Duka. Nimepewa na Alto ya Pili, aliyepewa na fundi, aliyepewa na fundi, aliyepewa na asiyejulikana." Kisha akanisukumia simu.

Faili la kwanza, simu ilisimama na kuonyesha onyo. Maestro alitaka kujua inasema nini, nikamwandikia: inasema kitu hiki kimetoka mahali pasipojulikana na kinaweza kudhuru, je, unakubali?

Alicheka mpaka akakohoa. "Simu inauliza swali yangu!"

Mimi sikucheka. Mimi niliyewahi kumnyima mwalimu wa chuo usingizi kwa sababu ya tanbihi moja isiyo na chanzo, nilikuwa nimebonyeza "Ruhusu" kabla ya kumaliza kusoma. Nilibonyeza mara nne. Duka lilifunguka, likajifunga. Nikafuta, nikarudia. Safari hii lilikaa kidogo na kuandika kwamba kifaa hiki hakijathibitishwa.

"Hakijathibitishwa na nani?" aliuliza Maestro aliposoma.

"Na wenye duka."

"Nao walithibitishwa na nani?"

Nilikuwa na jasho, betri ilikuwa inashuka, umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne, na Maman Mukubwa alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya viazi vitamu akisema kama enformatiki ndiyo hii, afadhali yeye hakuisoma. Mwishoni nilifanya kile ambacho mafundi hufanya wakishindwa: nilifuta simu yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani, nianze upya. Simu ikauliza lugha. Ikauliza nchi. Kwenye orodha nilichagua Congo yetu, ikapokea, ikajipanga yenyewe, nikaendelea mbio na mafaili manne. Sikutazama kitu kingine. Saa tisa na nusu duka lilifunguka na kukaa wazi. Niliruka. Maestro alirudisha mgongo kwenye kiti na kusema, "Tena," na sikujua kama ni mzaha.

Programu ya masikio ilishuka. Ilianza kumpima: ilitoa vimlio, vingine vinene, vingine vyembamba, naye alitakiwa kubonyeza kila akisikia. Alibonyeza vyote. Vyote, hata vile vyembamba kabisa ambavyo mimi mwenyewe nilivisikia kwa shida. Nilifurahi, kisha nikashuku. Nilipomtazama niligundua haangalii simu. Alikuwa ananiangalia mimi. Kila kimlio kilipotoka macho yangu yalishtuka kidogo, na kidole chake kikashuka.

"Maestro, nageuka."

"Juu ya nini?" Alitaka kujua sababu.

"Juu ya kuona ukuta."

Niligeuka, tukaanza upya. Programu ilipomaliza ilichora mstari, na mstari ulianza juu upande wa sauti nene, ukaporomoka kama njia ya kushuka kwao mvua ikiwa imenyesha. Sauti za sopranos hazikuwamo kabisa. Za altos zilikuwamo nusu, kama ukungu. Hakuuliza maana yake. Nilivipanga vifaa, nikamvalisha. Kisha alitazama dirishani, kisha jikoni.

"Ni nini ile?"

"Ile nini, Maestro?"

"Inalia kama inaunguza."

Maman Mukubwa alikuwa anakaanga vitunguu. Alitoka na mwiko mkononi, akamtazama mdogo wake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, ya kumjaribu, "Weye muzee mubaya." Maestro akajibu, "Na weye." Mama yule akakaa chini sakafuni na mwiko wake, akalia na kucheka. Niliondoka nikijiona mtu aliyefanya jambo kubwa.

Maestro hakuwahi kuchelewa katika miaka yote niliyomjua. Hakuwahi pia kuwahi mno. Alifika robo saa kabla ya misa, akafunga mlango wa kile chumba kidogo tunamopashia sauti, na aliyebaki nje alibaki nje. Siku ya sikukuu robo saa ilifika na hakuwapo. Misa ya saa tatu ilianza saa tatu kwa sababu ya askofu. Tulitaka kumpigia, lakini simu ilikuwa ya laini mpya na hakuna aliyekuwa na namba, hata mimi niliyeitengeneza. Tenori ya Kwanza alisimama mbele, uso umekauka, akaninong'oneza, "Toa la."

"Sina chuma."

"Toa tu."

Nilitoa la kutoka kooni, kwa kubahatisha. Wakaichukua. Tuliimba wimbo wa kuingia, tukaimba Utukufu, na jambo linalonichanganya mpaka leo ni kwamba tuliimba vizuri.

Tulikuwa kwenye wimbo wa matoleo, ule wa zamani aliotufundisha mwaka nilioingia, nilipomwona amesimama nje ya mlango mkubwa. Alikuwa na koti lake jeusi. Hakuingia. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja kidogo. Niliona midomo yake ikimwambia kitu mzee anayepanga watu mlangoni, na yule mzee akimjibu. Maneno yenyewe nilipewa na huyo mzee, na nimemuuliza mara mbili ili niwe na hakika.

Maestro aliuliza, "Hii kwaya ni ya nani?"

Mzee akamjibu, "Ni yako, Maestro."

Saa zilifafanuliwa baadaye, na Soprano ya Mbele, ambaye ameolewa na dereva wa lori na anajua simu za wasafiri. Simu ukiiambia Congo na usiiambie zaidi, inachukua saa ya Kinshasa, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ni lazima uingie ndani na kuchagua Lubumbashi. Kila mtu wa hapa anayenunua simu mpya anajua hilo, au analijua siku ya pili yake, baada ya kukosa basi. Mimi nilisoma miaka mitano na sikulikumbuka. Saa ya mkono ya Maestro ilikufa zamani. Maman Mukubwa alikuwa amekwenda misa ya kwanza. Kengele za kanisa hakuwa amezitegemea kwa miaka. Aliamka, akatazama simu mpya, akavaa bila haraka.

Padri hakumfokea. Alimshika mikono miwili sakristiani na kumwambia aksanti kwa miaka yote, sasa apumzike. Kwaya ikapewa Tenori ya Kwanza. Wanasema Maestro hakujitetea wala hakutaja simu. Mimi sikuwapo, nilikuwa nyuma ya kanisa nikijifanya natafuta viatu vyangu vya mvua.

Nilikwenda kwake baada ya mwezi mmoja. Ulikuwa mwezi wa aibu. Nilimkuta peke yake mezani na daftari lake la zamani, vifaa viko masikioni, miwani puani.

"Alto ya Pili. Ikala."

Nilimwambia mara moja, nikiwa bado nimesimama. Kwamba ni mimi. Kwamba nilichagua Congo na sikutazama saa. Kwamba aliipoteza kwaya kwa kidole changu. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kuangalia midomo yangu, na hilo tu lilinitisha.

"Kinshasa," alisema. "Hata saa, tunangojeaka Kinshasa." Alitikisa kichwa. "Wee binti. Kama nilifika ku saa, ningesimama mbele na kupiga mikono. Ningesikia nini? Mikono yangu."

"Kwa hiyo haukasirike?"

"Nakasirika. Lakini hapana juu ya ile." Alifungua daftari. "Nilikuwa napanda, pale ku ngazi, nasikia kwaya. Nikasema, hii ni misa ya kwanza bado. Nikasema, hawa batu banaimba muzuri, ni ba parokia gani? Ila ba-alto. Mu wimbo wa matoleo, mustari wa tatu. Banapanda pale, na hawastahili kupanda." Aliweka kidole kwenye ukurasa. "Nani aliwafundisha ile noti?"

Nilitoa daftari langu kwenye begi. Ninatembea nalo; sijui kwa nini. Juu ya ukurasa kulikuwa na mwandiko wangu wa miaka kumi na mitano: "Nimenakili kwa Maestro." Tuliyaweka mawili pamoja. Katika lake noti ile imekaa sawasawa kati ya mistari miwili. Katika langu imekaa juu ya mstari, hatua moja zaidi. Wino ulikuwa mzito, mkono wa mtoto ulikuwa na haraka. Na altos wote waliokuja baada yangu waliandika juu ya kurasa zao, kwa utii, "Nimenakili kwa Alto ya Pili."

Nilitaka kucheka. Mimi niliyemuuliza kila mtu imetoka kwa nani, kumbe noti ile ilikuwa imetoka kwangu.

Kisha nilihesabu, na kicheko kikaisha. Mimi niliandika kosa. Lakini nililiimba mbele yake, kila mazoezi, kila Jumapili ya wimbo ule, tangu wiki ya kwanza, na hakuwahi kulitaja. Na yeye alikuwa amewaambia padri na dada yake kwamba masikio yalianza kuchoka mwaka jana.

"Maestro," nilisema, "ile siku ulinisikiliza peke yangu. Ulisema sauti yangu iko na miguu."

"Ndiyo."

"Niliimba huu wimbo. Na hii noti."

Alinyoosha kona za madaftari mawili.

"Ulinisikia?"

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, nzito, na aliinua macho kwenye paa kama mtu anayemtazama jirani mwenye kelele. "Hii mvua ilikuwaka hivi siku zote?" aliuliza.

"Siku zote, Maestro. Ulinisikia?"

Alivua miwani. "Nilikuona. Batoto wote banafungua kinywa nusu, banaangalia chini. Weye ulifungua yote, na shingo haikutetemeka. Nilisema, huyu, kama iko na sauti, sauti yake itasimama."

"Kama iko."

"Kama iko."

Sikujua kama nimepewa kitu au nimenyang'anywa. Bado sijui. Kuna siku ninaona kwamba miaka kumi na moja nilikaa juu ya neno ambalo halikuwa na chanzo. Kuna siku nyingine ninaona kwamba hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa makini kiasi kile. Nilikuwa na maswali mengine mengi na nilifungua kinywa kuyauliza, lakini Maestro alikuwa amechukua diapazo mezani. Aliigonga gotini. Akaipeleka kwenye meno, akasita, akaitoa, akaisogeza polepole karibu na sikio, karibu na ile punje ya rangi ya mchanga. Akafumba macho. Kisha akatoa la, akanionyesha kwa kidole, kisha akalionyesha daftari lake.

"Imba. Vile iliandikwa mu kaye yangu."

Niliimba. Chumba kilikuwa kidogo, mvua ilikuwa kubwa. Nilipofika mstari wa tatu nilishuka pale nilipozoea kupanda, na ilikuwa kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Nilimaliza. Sikuangalia chini. Nilimtazama usoni, nikatafuta chochote: jicho, mdomo, kidole. Simu ya mwanawe ilikuwa kati yetu mezani, kioo kimezimika, na sikuweza kujua kama vifaa vilikuwa na moto wa betri au vilikuwa vimelala.

"Tena," alisema.

Nikaanza tena.